Milimita Nne za Zebaki

Waliniambia shemeji yangu Tarsisi alifia shimoni kwa sababu mdogo wangu Lukresia alipanda gari la mwanamume mwingine. Aliyeniletea habari hiyo shuleni Shinyanga alikuwa dereva wa lori la pamba, mtu mzima na mvi zake, na aliitoa bila haya. Nikamuuliza, "Gari hilo lilimwangukia?" Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, mambo ya dhahabu wewe huyajui."

Kweli sikuyajua. Nilikuwa nafundisha kemia, mwaka ule wa themanini na tatu ambapo hata sabuni ilipatikana kwa kujuana, na maabara yetu ilikuwa na chupa nyingi kuliko dawa. Asidi yetu ilikuwa maji ya ndimu. Lakini nilijua kwamba mtu haui mtu kwa kupanda gari. Nikaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, nikapanda treni mpaka Isaka, na kutoka hapo nikadandia malori mpaka Ushirombo na kuipita, vumbi likinijaa hadi kwenye meno. Kila nilipomfikiria mdogo wangu peke yake katikati ya wakwe zake, nilitamani kuteremka nilisukume lori.

Nilimkuta amekaa mkekani nyuma ya nyumba ya wakwe zake, katika kijiji kilicho kati ya Ushirombo na Katoro. Binti yake Limi alikuwa amemlalia mapajani, na mtoto mchanga alikuwa mgongoni. Wazazi wetu walikwisha kufa. Tulibaki sisi wawili. Aliponiona hakulia. Alisema, "Dada, wanataka kunifukuza, na watoto niwaache."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Tarsisi na mdogo wake Kamili walikuwa na duara lao nyuma ya Katoro. Duara ni shimo la dhahabu kwa lugha ya wachimbaji. Mvua zilipokolea maji yakajaa chini, kazi ikasimama. Mashine ya kuvuta maji ilikuwa ya Akida, mfanyabiashara wa pale Katoro. Tarsisi alikuwa amegombana naye, kwa hiyo akamtuma mkewe akaiombe. Akida akakubali, akaipakia kwenye pikapu yake, akampakia na Lukresia, akawafikisha machimboni mchana kweupe. Watu wakaona, na ndimi zikapata kazi.

Mashine ikiwa juu haikuweza kunyonya maji ya kina kile, kwa hiyo waliishusha kwa kamba mpaka chini kabisa, na Tarsisi akashuka nayo. Ikaunguruma. Mafuta yalipokwisha ikazima yenyewe. Wakamwita Tarsisi, hakuitika.

Baba yao, Mzee Pantaleo, alikuwa pale juu. Ujana wake aliumaliza katika mgodi wa wazungu enzi za mkoloni, na alirudi kutoka huko na desturi moja ambayo machimbo yote ya jirani yaliifuata. Kabla mtu hajashuka, unateremsha kibatari kwa kamba. Kikizima, hewa ni mbaya, hashuki mtu. Kikiendelea kuwaka, shuka. Desturi hiyo ilikuwa imeokoa watu wengi, na walikuwepo wanaume wazima waliomwamkia Mzee Pantaleo kwa kupiga magoti kwa sababu hiyo. Siku ile, Tarsisi alipokosa kuitika, alikiteremsha kama kawaida, na kikawaka vizuri. Kamili akashuka na kamba kiunoni. Huko chini akaifungua, akamfunga kaka yake, akaitikisa. Walipovuta wakampata Tarsisi, amekwisha kufa. Wakaitupa kamba tena chini imfuate Kamili, na hakuna aliyeishika. Mwishowe walimnasa kwa ndoano, naye amekufa.

"Taa iliwaka mpaka mwisho," Lukresia aliniambia. "Ndiyo maana wananishika mimi."

Aliyemshika hasa alikuwa Mzee Clemens, kaka yake Pantaleo, ambaye watoto wa nyumba ile walimwita baba mkubwa. Hoja yake ilikuwa fupi. Hewa ikiwa mbaya, taa huzima. Taa haikuzima, basi hewa ilikuwa safi. Hewa ikiwa safi na watu wakafa, kosa liko nyumbani: mwanamume akiwa duarani mkewe akatoka nje ya ndoa, duara humfunga mumewe na yeyote atakayemfuata. Jumamosi, siku ya kuanua matanga, ukoo ungekaa. Mke aliyevunja mwiko angerudi kwao mikono mitupu, na watoto wangebaki.

Nilimchukia mzee yule, lakini ninakiri kwamba hoja yake ilikuwa imenyooka. Nimewahi kusahihisha mitihani ya walimu wenzangu isiyonyooka kiasi hicho. Kasoro yake ilikuwa moja tu, ile sentensi ya kwanza.

Aliyenifungua macho ni mama mkwe wa Lukresia, Mama Melania, mama wa marehemu wote wawili. Nilikwenda kumpa pole. Alikuwa ameketi karibu na mafiga, moto umezimika na hana habari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mayu." Aliniita mama, kwa Kisukuma. "Hawakuonekana kama maiti, unajua? Nilimshika Kamili mkono. Kucha zake zilikuwa nyekundu, na midomo myekundu, kama bwana harusi aliyetoka kuoga. Nikadhani anapumua. Niliwaambia wasimfunike."

Clemens alisema wekundu ule ni damu ya mwiko. Mimi niliutambua, kwa sababu nilikuwa nimeufundisha wekundu ule darasani miaka yote bila kuuona. Ipo gesi moja inayoifanya damu iwe nyekundu hivyo. Huingia kwenye damu, hukalia kiti cha oksijeni, na haiondoki. Huitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, nayo hutoka kwenye moshi wa injini.

Kesho yake nilikwenda duarani. Nilipima kina kwa kamba yenye jiwe, nikapima upana, nikawauliza wachimbaji urefu wa njia waliyochimba ubavuni kule chini. Nikauliza mashine ilikuwa na petroli kiasi gani. Walicheka kwa uchungu. Petroli ilikuwa adimu kama mvua ya Julai. Waliipata kwa dereva mmoja, chupa moja ya bia, basi. Nusu lita. Sijawahi kupewa swali lenye takwimu safi kiasi kile, na nilichukia kwamba nililiona hilo.

Nilikaa chini ya paa la nyasi la wachimbaji nikapiga hesabu kwa kijiti mchangani. Kanuni yenyewe kila mwanafunzi wangu anaijua. Ukijua ujazo wa chombo, joto lake na kanieneo la hewa iliyomo, yaani jinsi hewa hiyo inavyosukuma kuta zake, utajua ndani yake mna moli ngapi za gesi. Moli ni kipimo chetu, kama fundi matofali anavyohesabu kwa mafungu badala ya tofali moja moja. Duara lile lilikuwa na ujazo wa lita elfu thelathini. Kipimahewa cha maabara yetu husimama kwenye milimita mia sita na sitini za zebaki. Jumla, moli elfu moja na sitini za hewa. Nusu lita ya petroli ina moli ishirini na sita za kaboni. Nikasema robo yake tu ndiyo iliyogeuka kuwa sumu, nisije nikaonekana napendelea. Moli sita na nusu katika elfu moja na sitini.

Jibu lilikuwa milimita nne za zebaki kati ya zile mia sita na sitini. Ni kidogo mno, unene wa penseli nyembamba. Lakini ukivuta hewa ya namna hiyo kwa muda wa kuchemsha chai, huamki.

Na oksijeni? Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta. Katika mchanganyiko wa gesi kila gesi hujaza chombo kizima kana kwamba iko peke yake, na kila moja husukuma kwa sehemu yake. Oksijeni ilikuwa imeshuka kutoka mia moja thelathini na tisa hadi mia moja kumi na sita. Kibatari kinahitaji chini ya hapo. Kiliwaka kwa sababu kilikuwa na haki ya kuwaka. Taa ya Mzee Pantaleo ilijua kuuliza swali moja tu: oksijeni ipo? Huko kwenye mgodi wa wazungu, ambako watu walishuka bila injini, swali hilo lilitosha.

Nilirudi nikikimbia kama msichana. Nilimvuta Lukresia hadi migombani nikamweleza, na nilikuwa nacheka, Mungu anisamehe, siku ya msiba.

Alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo Tarsisi aliuawa na moshi wa mashine."

"Ndiyo."

"Na Kamili? Mashine ilikuwa imeshazima."

"Mashine ilizima, gesi ikabaki. Kule chini hakuna upepo. Haikuwa na pa kwenda."

Akanitazama, na nikaona amefika mahali ambapo mimi nilikuwa nimepapita mbio. "Aliyemwambia Kamili ashuke ni baba mkwe," alisema.

Akanishika mkono.

"Dada, katika nyumba hii yeye peke yake hajanitamkia neno baya. Kila asubuhi ananiletea maji ya kuwanawisha watoto, mzee mzima, anabeba ndoo. Waeleze habari ya Tarsisi tu. Ya Kamili iache."

"Clemens hataniacha. Atauliza hilo hilo ulilouliza wewe."

"Basi nyamaza kabisa."

"Nikinyamaza, Limi utamwona wapi tena?"

Alimtazama mtoto aliyekuwa akichezea majani makavu karibu nasi. Akavuta ncha ya kanga yake. Hatimaye alisema, "Sema," kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Jumamosi ukoo ulikaa uani baada ya sala. Mzee Pantaleo ndiye aliyekuwa mwenye msiba na mwenye neno la mwisho, lakini alikaa kimya kwenye kigoda chake, koti lake la kanisani likiwa limempwaya. Clemens akasema yote aliyoyasema, tena kwa ufasaha. Kisha akanigeukia. "Mwalimu ametoka mbali. Sisi hatukusoma, lakini masikio tunayo."

Niliwauliza: ukitia sumu ya panya kwenye sufuria ya maziwa, maziwa hubadilika rangi? Wakasema hayabadiliki. Mtu anayeyatazama atajuaje? Hatajua. Nikawaambia taa ni jicho la kutazama maziwa, linakuambia yamo au hayamo. Nikawaeleza nusu lita ya petroli na ukubwa wa duara. Nikawaeleza kwamba gesi haitulii pembeni kama mchanga ndani ya maji; hutapakaa shimo zima, juu na chini, kila pembe ikapata sehemu yake. Nikataja milimita nne. Nikawaeleza kucha nyekundu, na Mama Melania, aliyekaa na wanawake, akainua uso.

Nilikuwa nafundisha vizuri. Niliwaona wanaume wakitikisa vichwa wakitazamana, na mmoja akasema wazi kwamba naye kichwa kilimgonga siku moja alipolala karibu na jenereta. Lakini Clemens hakuwa mjinga.

"Mashine ilikuwa imezima Kamili aliposhuka," alisema. "Moshi ulikuwa umekwisha. Na taa iliteremshwa. Kama ni mashine iliyomuua Tarsisi, Kamili aliuawa na nini?"

Ua wote ukanisubiri. Nilimtazama Lukresia, yeye akatazama chini. Nikafungua kinywa, na Mzee Pantaleo akaniwahi.

"Mwanangu," alisema, nami ndiye niliyekuwa naambiwa, "huo moshi usioonekana, mashine ikizima, unabaki kwa muda gani?"

"Duara lisipopigwa upepo, baba, unabaki. Hata kutwa nzima."

"Na taa inawaka."

"Inawaka, baba."

"Ukipigwa upepo?"

"Ukitikisa matawi mle ndani, ukamwaga maji, ukavuta hewa mpya, unatoka."

"Kwa hiyo angengoja."

Hapo ningeweza kusema uongo. Ningeweza kusema kwamba hatujui, kwamba ni mapenzi ya Mungu, na kila mtu pale uani angenishukuru. Lakini uzi wa hesabu ni mmoja: ukiukata kwa Kamili, unakatika na kwa Tarsisi, na mdogo wangu anaondoka bila watoto.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Angengoja."

Alikubali kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepokea mzigo na kuuweka sawa begani. Kisha akasema na watu wote. "Lukresia hana kosa. Watoto ni wake, aende nao anakotaka, na atakayemsema tena aanze na mimi. Taa niliiteremsha mimi. Kamili aliniambia, baba, tungoje kidogo. Nikamwambia, taa inawaka, unaogopa nini?"

  Kutoka upande wa wanawake Mama Melania aliuliza, kwa utulivu kabisa, "Kamili alikuwa anaogopa?"

"Alikuwa anaogopa, Mama Tarsisi," mzee alimjibu mkewe.

Mama Melania akasimama, akaingia ndani, akatoka na kanga yake ya pili amejifunga kichwani na rozari mkononi. Alipita katikati ya wazee bila kuaga, akashika njia ya Buseresere, kwa kaka zake. Walimkimbilia wanawake wawili, wakarudi bila yeye. Mpaka leo hajarudi.

Nilikuwa nimeshamwambia dereva wa lori atupitie Jumapili asubuhi, mimi, Lukresia na watoto. Chumba changu cha shule kilikuwa kidogo, lakini tungebanana. Alfajiri nilimkuta mdogo wangu jikoni anakoroga uji, hajafunga hata kifurushi.

"Lori linakuja," nikamwambia.

"Nenda nalo, dada."

"Umepata watoto wako! Umesikia mwenyewe, uende unakotaka!"

"Nimesikia." Aliipua sufuria, akaifunika. "Tangu jana hajala. Mke ameondoka, wana wamekufa, ndugu zake hawajui wamwambie nini. Nikichukua na hawa wajukuu, uji atapikiwa na nani?"

Nilimfokea. Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika, kwamba sikusafiri vumbi lote lile nije kumfanya mtumishi wa mzee wa watu. Aliniacha nimalize, maana ananijua hasira zangu. Kisha akajaza uji bakuli, akampa Limi ampelekee babu yake.

Nilibubujikwa na machozi njiani kuelekea barabarani, kwa hasira kwanza, halafu kwa yale mengine. Mzee Pantaleo alinifuata. Alitembea polepole, nami nikamngoja kwa heshima, ingawa nilikuwa natamani ardhi inimeze.

"Wabeja, asante, mwanangu," alisema. "Umemwokoa mkwe wangu."

"Baba, nisamehe."

"Hapana, hapana. Umesema kweli." Akasimama, akashika ukosi wa koti lake. Hakuwa na hasira hata chembe. Macho yake yalikuwa kama ya mwanafunzi aliyefeli, anayeomba karatasi yake itazamwe tena. "Nilitaka kukuuliza tu. Zile hesabu zako. Ni ndefu. Inawezekana mahali fulani umekosea?"

 Nikasema, "Nitazikagua tena, baba."

"Kagua, mwanangu. Ukimaliza, niletee habari."

Lukresia yupo kule hadi sasa. Hunitumia salamu kwa madereva wa malori: Limi ameanza shule, mdogo wake anatembea, baba anakula kidogo siku hizi. Na kila mara salamu huishia na neno kutoka kwa mzee: mwalimu amemaliza kukagua?

Nimekagua mpaka nimechoka. Nimebadilisha joto, nimepunguza petroli, nimelipanua duara kuliko lilivyo. Na kila mwaka, tukifika kwenye sura ya gesi, huwaandikia kidato cha tano ubaoni: shimo la ujazo huu, petroli nusu lita, joto hili, tafuteni kanieneo la kila gesi. Siwaambii shimo ni la nani. Hupita kati ya madawati nikichungulia, nikimwomba Mungu mmoja wao apate jibu jingine na anionyeshe njia aliyopitia. Ni watoto wenye akili sana. Wote hupata jibu lile lile, nami huwawekea vema.